Muziki, Taswira na Hofu Inayobaki Matibabu Yakiisha

Siku ya kwanza nilipoombwa nijilaze, nifumbe macho na kusikiliza muziki kwa zaidi ya nusu saa, nilimjibu mtaalamu kwamba masikio yangu hayajanyamaza tangu nilipotundikiwa dawa kwa mara ya tano. Sikuwa nakataa, nilikuwa nasema kweli. Dawa ya saratani niliyotiwa mshipani, sisplatini, inajulikana kwa kuziharibu seli za sikio la ndani, ikianza na zile zinazopokea sauti nyembamba, na kwa baadhi ya wagonjwa huacha mlio usiokoma, mfano wa nyenze usiku, ambao hakuna mwingine anayeusikia. Mtaalamu huyo wa tiba ya muziki alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama mlio ni mwembamba au mnene, uko sikio gani, na huzidi saa ngapi. Katika miezi yote ya matibabu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza mlio wenyewe ukoje. Waliniuliza kama upo, wakaweka alama kwenye fomu.

Nilikuwa nimetibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Nilipigwa mionzi ya nje mara 25, nikapewa sisplatini mara moja kila wiki katika kipindi hicho hicho, kwa kuwa dawa hiyo huzifanya seli za saratani zishindwe kuistahimili mionzi, kisha nikamalizia na mionzi ya ndani. Miezi mitatu baadaye daktari aliangalia picha, akatabasamu, akasema haoni dalili ya ugonjwa. Ndugu walilia kwa furaha. Mimi nilishukuru kwa moyo wote, nikarudi nyumbani, na usiku huo sikupata hata lepe la usingizi.

Kuna jambo ambalo mtu hulijua akishafika huko tu. Wakati wa matibabu una ratiba: leo damu, kesho mionzi, keshokutwa dawa, na kila siku yupo mtu mwenye kazi ya kukutazama. Ratiba hiyo inapokatika, hofu uliyokuwa huna nafasi ya kuiogopa hukaa kitako. Maumivu madogo ya mgongo huwa ushahidi. Katika miaka miwili ya kwanza uchunguzi hufanyika kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na mimi nilianza kuugua kwa hofu ya tarehe hiyo wiki mbili kabla haijafika. Daktari wa Marekani Fitzhugh Mullan, ambaye mwenyewe aliugua saratani akiwa kijana, aliandika mwaka 1985 kwamba kuishi baada ya saratani kuna misimu mitatu: msimu wa kuugua na kutibiwa, msimu mrefu wa kungoja kuona kama ugonjwa utarudi, na msimu ambao mtu anaweza kuhesabiwa kuwa amepona lakini akiwa amebadilika. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa muungano wa kitaifa wa manusura wa saratani nchini humo. Huo msimu wa pili ndio ulionikuta sina silaha yoyote, kwa sababu kila mtu aliyenizunguka alikuwa ameshahamia wa tatu.

Ndipo muuguzi mmoja, aliyeniona nikitetemeka katika chumba cha kungojea ilhali nilikuwa nimekwenda kuchukua karatasi tu, aliponielekeza kwa mtaalamu wa tiba ya muziki na taswira. Nilikwenda bila imani kubwa, na sioni sababu ya kuficha hilo. Nilidhani nitawekewa nyimbo za kutuliza na kuambiwa nifikirie ufuo wa bahari.

Tofauti hiyo inafaa kuelezwa vizuri, kwa kuwa watu wengi huichanganya. Katika taswira elekezi ya kawaida, msemaji hukusimulia mandhari: unatembea msituni, unasikia maji, unaona mwanga, na kazi yako ni kufuata. Ni njia nzuri, na ina manufaa yake, hasa ikiambatana na zoezi la kukaza na kulegeza misuli lililoanzishwa na daktari Edmund Jacobson katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Lakini katika njia niliyoipitia mimi, hakuna anayekuchagulia msitu. Muziki ndio unaofungua, na kinachokuja kinatoka kwako. Mtaalamu huitwa mwongozaji na anayelala huitwa msafiri, ila mwongozaji huyu hatangulii. Anafuata nyuma hatua moja, akiuliza.

Njia hii iliasisiwa na Helen Bonny, mpiga fidla na mtaalamu wa tiba ya muziki aliyezaliwa Marekani mwaka 1921 na kufariki mwaka 2010. Asili yake inaigusa saratani moja kwa moja, jambo ambalo mimi nililijua baadaye na likanigusa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti wa magonjwa ya akili kilichokuwa karibu na Baltimore, madaktari walikuwa wakichunguza kama LSD, dawa inayobadilisha namna mtu anavyoona na kuhisi mambo, ikitolewa chini ya uangalizi mkali, ingeweza kuwapunguzia hofu ya kifo watu waliokuwa wakifa kwa saratani. Bonny alikuwa na kazi ya kuchagua muziki wa kusindikiza saa hizo ndefu. Makala aliyoandika pamoja na daktari Walter Pahnke kuhusu matumizi ya muziki katika tiba hiyo ilichapishwa mwaka 1972. Utafiti wa LSD ulipobanwa na sheria, yeye alikuwa ameshaona kwamba mtu aliyetulizwa vizuri, akasikiliza muziki uliopangwa kwa uangalifu, aliweza kufika mbali ndani ya nafsi yake bila dawa yoyote. Akaanza kupanga mifululizo ya muziki wa ala, mingi ikiwa ya dakika 30 hadi 45, kila mmoja ukiwa na mwanzo, mpando, kilele na mteremko wa kurudi. Mifululizo hiyo, na mingine iliyopangwa na waliomfuata, ndiyo inayotumika hadi leo.

Kikao kimoja huchukua kati ya saa moja na nusu na saa mbili. Kwanza mnazungumza: wiki ilikuwaje, nini kimekuelemea, unataka kuingia na jambo gani. Kisha unajilaza, na mwongozaji anakusaidia kuutuliza mwili kwa pumzi au kwa kulegeza kiungo kimoja baada ya kingine, na mwishoni anakupa sehemu ndogo ya kuanzia, labda njia, labda mlango, labda rangi. Muziki unaanza. Wewe unasema kwa sauti kile kinachokujia, naye anauliza maswali mafupi huku akiandika kila kitu. Muziki ukiisha anakurudisha taratibu, unafumbua macho, na kabla hamjaanza kufafanua chochote unapewa karatasi yenye duara tupu na kalamu za rangi, uchore unachotaka. Mazungumzo ya mwisho hufanyika mkiwa mmelitazama duara hilo.

Naomba nikae kidogo kwenye neno taswira, kwa sababu lilinipotosha mwanzoni. Nilidhani ni lazima kuona. Katika kikao cha kwanza sikuona lolote. Giza tupu, na mlio wangu masikioni. Nilipokiri hivyo, huku nikiona aibu kama mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, mwongozaji aliniuliza: “Giza hilo, dada, liko karibu au mbali?” Nikashangaa kugundua kwamba nina jibu. Lilikuwa karibu, lilikuwa limenilalia kifuani, na lilikuwa na uzito wa aproni ile ya madini ya risasi wanayovaa wahudumu wa chumba cha eksirei. Tangu hapo nikaelewa kwamba taswira inaweza kuwa uzito, harufu, baridi ya miguu, kumbukumbu ya utotoni, hamu ya kusimama, au hisia kwamba mtu fulani amesimama nyuma yako. Wapo wanaoona picha angavu kama sinema. Wapo wanaohisi tu. Wote wamefika.

Mwongozaji aliukumbuka pia mlio wangu. Sauti nyembamba za fidla na filimbi zilikuwa zikinichoma, na nyingine sikuzisikia vizuri kabisa, kwa kuwa sehemu hiyo ya usikivu wangu ilikuwa imeliwa na dawa. Kuanzia kikao cha pili alichagua muziki uliotawaliwa na selo, ndugu mkubwa wa fidla, na ala nyingine zenye sauti nzito, akapunguza sauti, na akanifundisha kutoupiga vita mlio bali kuuacha uwe sehemu ya chumba. Nasisitiza jambo hili kwa wote wanaofanya kazi hii na watu waliotibiwa kwa dawa za jamii ya platini, kama sisplatini yangu: waulizeni kuhusu masikio yao kabla ya kuwasha chombo. Muziki mzuri unaomuumiza msikilizaji si tiba.

Kisima kilikuja katika kikao cha tatu.

Nilikuwa nimepewa njia ya vumbi kama sehemu ya kuanzia, na muziki ulikuwa wa polepole, nao unajirudiarudia kwa namna iliyonifanya nijione nikitembea. Njia ikaishia kwenye kisima cha mawe kilichofunikwa kwa kifuniko cha chuma. Nilisema ninakiona, na nikasema papo hapo kwamba sitaki kukifungua. Mwongozaji hakunisukuma. Aliniuliza ninataka kuwa wapi. Nikasema ninataka kukaa juu ya kifuniko, nikakaa, na muziki wote uliobaki nilikuwa nimekaa hapo nikiwa na hasira ambayo sikujua inatoka wapi. Katika duara nilichora mviringo mweusi, basi.

Kikao cha nne nilirudi pale pale. Cha tano pia. Nilianza kuona haya kwamba ninampotezea muda, nikamwambia. Alinijibu kwamba mtu anayekaa juu ya kifuniko kwa wiki tatu ana sababu nzuri ya kukaa hapo. Maneno hayo nimeyahifadhi. Nilikuwa nimetoka kwenye miezi ambayo mwili wangu uliamriwa kila kitu: vua, lala, usipumue, geuka, ngoja. Hapa palikuwa na mtu aliyekubali kwamba mimi ndiye mwenye kisima.

Katika kikao cha saba muziki ulipanda kuliko siku zote. Ala moja ilianza peke yake, nyingine zikaingia chini yake, zikaijaza nafasi, na mahali fulani katika mpando ule nikahisi kifuniko kinatikisika chini yangu. Niliinuka. Nilikisukuma kwa mikono miwili, na kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani. Nilitarajia kuona uvimbe, au damu, au kitu kilichooza. Ndicho nilichokuwa nikikikalia kwa wiki zote zile. Ndani hamkuwa na kitu. Kisima kilikuwa kikavu na kisafi, na katika mawe ya ukuta kulikuwa na mistari ya rangi ya kutu iliyoonyesha maji yaliwahi kufika wapi.

“Mistari hiyo inakuambia nini?” aliuliza. Nikasema: “Kwamba yalikuwepo.” Kisha nikalia kilio ambacho sikuwa nimekilia tangu siku ya majibu ya kwanza.

Mionzi ya fupanyonga husimamisha kazi ya ovari. Nilikoma hedhi katika wiki chache, nikiwa bado na umri wa kuzaa, na nilikuwa nimetia sahihi karatasi iliyoeleza hivyo. Nilielezwa vizuri, silalamiki. Lakini msiba huo haukuwahi kupata matanga, kwa sababu kila nilipotaka kuugusa nilijiambia, na wengine waliniambia, kwamba la muhimu ni uhai. Ni kweli kwamba la muhimu ni uhai. Ila ukweli huo ulikuwa umegeuka kuwa kifuniko. Nilichokuwa nikikiogopa usiku, nikikiita saratani, kwa sehemu kubwa kilikuwa huzuni ya watoto ambao sitawazaa. Jioni ya siku hiyo nilimwambia mume wangu habari ya kisima, nikamwonyesha duara nililolichora, lenye mistari ya kutu, naye akakaa nalo mkononi muda mrefu kabla ya kusema kwamba na yeye alikuwa akiomboleza, na alikuwa akinificha ili asiniongezee mzigo.

Sijui kama mazungumzo ya kawaida yangenifikisha hapo. Labda yangefika, baada ya muda mrefu zaidi. Nimejaribu kuelewa kwa nini muziki uliweza, na maelezo ninayoyakubali ni haya. Ubongo unapojenga taswira hutumia kwa kiasi kikubwa maeneo yale yale unayoyatumia kuona, kusikia na kugusa kwa kweli, na kwa hiyo mwili huijibu taswira kama jambo linalotokea, kwa mapigo ya moyo, kwa pumzi, kwa machozi. Muziki kwa upande wake una muundo wa mvutano na ulegevu: unajenga shauku, unaichelewesha, unaitimiza. Hisia ambayo mtu anaogopa kuianza kwa sababu hajui itaishia wapi, ikipandishwa na muziki, inapata mwenza anayejua njia ya kurudi. Kipande kikiwa kimepangwa vizuri, mteremko upo. Ndiyo maana mpangilio wa mifululizo ni kazi ya ustadi, na ndiyo maana mwongozaji hufunzwa kwa miaka kadhaa, naye mwenyewe akilazimika kulala na kusafiri mara nyingi kabla ya kuruhusiwa kumwongoza mtu.

Nije kwenye ushahidi, kwa kuwa manusura wa saratani ni watu wanaouziwa matumaini ya kila aina, na wanastahili kuambiwa ukweli. Mwaka 2001 Debra Burns alichapisha utafiti wa watu wanane waliowahi kuugua saratani, nusu yao wakipewa vikao kumi vya njia ya Bonny, kimoja kila wiki, na nusu wakingoja. Waliopata vikao walionyesha nafuu ya hali ya moyo na ya ubora wa maisha, na nafuu hiyo ilikuwepo bado wiki sita baadaye. Nchini Denmark, Lars Ole Bonde aliwafuatilia kwa kina manusura sita, vikao kumi kila mmoja, katika tasnifu yake ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Aalborg ya mwaka 2005, akichambua taswira zao, muziki wenyewe, na namna hadithi ya kila mmoja ilivyobadilika. Wanane na sita ni watu wachache. Nafuu yao ni ya kweli kwao, lakini idadi hiyo haiwezi kuthibitisha kitu kwa wote. Picha pana zaidi inatolewa na mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 81 yenye washiriki 5,576 kuhusu muziki kwa watu wenye saratani, muziki wa aina zote, si wa njia hii peke yake. Yalionyesha kwamba muziki huenda ukapunguza wasiwasi, maumivu na uchovu kwa watu wazima, na kwamba ubora wa maisha ulionekana kuimarika pale palipokuwa na mtaalamu wa tiba ya muziki kuliko pale mgonjwa alipopewa tu rekodi asikilize. Waandishi wenyewe walieleza kwamba ubora wa ushahidi mwingi ulikuwa mdogo. Mimi naona hilo ni jibu la heshima: linatosha kumfanya mtu ajaribu, na halitoshi kumfanya mtu aahidi.

Na hakuna popote panapoonyesha kwamba taswira huua saratani. Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Katika miaka ya 1970 daktari wa mionzi Carl Simonton alieneza wazo kwamba mgonjwa akifikiria askari wa mwili wake wakiushambulia uvimbe, ugonjwa wenyewe unaweza kurudi nyuma. Wazo hilo halikuthibitishwa na tafiti za baadaye, lakini limebaki midomoni mwa watu. Wakati wa matibabu rafiki mmoja mwenye nia njema alinihimiza nifikirie kila usiku simba wakila seli mbaya. Nilijaribu. Nilipolala kabla ya kumaliza, asubuhi niliamka na hatia, kana kwamba nimeacha lango wazi. Mwanamke niliyekuwa nikipigwa naye mionzi siku moja aliambiwa ugonjwa wake umesambaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kwa sababu hakuwa na moyo wa kutosha. Mtu anayempa mgonjwa taswira ya vita na kuiita tiba ajiulize atamwambia nini siku vita hiyo ikishindwa. Seli za saratani zinakufa kwa upasuaji, kwa mionzi na kwa dawa. Nilichokipata kwenye muziki ni kitu kingine, nacho hakihitaji kukopa sifa za dawa ili kiwe na thamani.

Ipo pia tahadhari ya upande wa pili. Muziki unaofungua unaweza kufungua kupita kiasi. Watu walio katika kipindi cha kuchanganyikiwa akili, wanaosikia sauti au kuona yasiyokuwepo, hawafai kulazwa kwa kikao kirefu cha aina hii, na aliyetoka kwenye mshtuko mkubwa juzi huhitaji kwanza kuimarishwa. Kwa watu kama hao, na kwa mtu aliye bado katikati ya dawa akiwa amechoka hadi mfupani, kuna namna fupi: unakaa badala ya kulala, unachagua pamoja na mtaalamu kipande kimoja tulivu cha dakika mbili hadi nane, unaleta taswira moja ya mahali au mtu anayekutegemeza, unakaa nayo, unachora. Huchimbi chochote. Inaweza kufanywa katika kundi dogo pia.

Namna hiyo fupi ndiyo niliyobaki nayo baada ya kikao cha kumi, nami naifanya nyumbani kwa kanuni chache nilizofundishwa. Kipande ni kile kile kila mara, hakina maneno, na si wimbo unaonikumbusha harusi wala mazishi ya mtu, maana nyimbo za namna hiyo zina njia zake na hukupeleka zinakotaka. Nakaa na miguu ikiwa imegusa sakafu. Nikihisi taswira inageuka kuwa nzito, nafumbua macho, nataja vitu vitano nilivyo navyo chumbani, na naacha kwa siku hiyo. Siifanyi nikiendesha gari. Jambo lililonishangaza ni namna mwili unavyojifunza. Wakati wa matibabu nilianza kutapika kabla hata sindano haijaguswa, mara tu nilipoinusa dawa ya kusafishia korido za hospitali, kwa sababu mwili ulikuwa umeunganisha harufu na dawa. Uwezo ule ule wa kuunganisha sasa ninautumia kwa faida yangu: mabega yanashuka pale selo inapoanza, kabla sijafikiria chochote.

Siku ya uchunguzi wangu wa mwisho nilifika mapema, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, nikavaa visikilizio. Harufu ilikuwa ile ile. Mlio ulikuwepo, kushoto zaidi kuliko kulia, kama kawaida yake. Nilikuwa na hofu, tena ya kweli, kwa kuwa picha zilikuwa zimeshapigwa na majibu yalikuwa ndani ya bahasha upande wa pili wa mlango. Muziki ulipoanza nilijiona nimekaa ukingoni mwa kisima changu, kifuniko kikiwa pembeni majanini, miguu yangu ikining'inia ndani kwenye ubaridi wa mawe. Sikumtafuta mtu wala sikungoja maji. Nilipitisha kidole kwenye mstari mmoja wa kutu, kisha wa chini yake. Muuguzi aliita jina langu kabla kipande hakijaisha, nami nikakizima, nikasimama, nikaingia.